Behewa la barua: rangi ni ya reli, maandishi ni ya posta

Waalaykumu salaam fundi wangu wa Wete. Swali lako nalirudia kwa ufupi ili na wengine wafuate: kazi yako ni kuandika maandishi kwenye majahazi na vibao vya maduka, ami yako alokuwa baharia kakuachia albamu ya picha na postikadi za treni za Uingereza na Marekani, na ndani yake mna mabehewa ya barua ambayo hayafanani, moja damu ya mzee, jengine buluu na kijivu, jengine jekundu tupu, na mengi picha zake ni nyeusi na nyeupe. Unataka kujua nani alokuwa akiamua zile rangi na yale maandishi, kwa nini vikibadilika hivyo, na vipi utajua picha ni ya miaka gani ikiwa nyuma hapakuandikwa kitu. Na mwisho unataka kumchongea mwanao behewa moja la mbao na hutaki kukosea rangi. Nimefurahi swali hili limetoka kwa mtu wa brashi, manake wengi wakiangalia picha ya treni wanaangalia injini tu, behewa la nyuma hawana habari nalo.

Jibu nakupa mwanzo kabisa: kwa zaidi ya miaka mia, rangi ya behewa la barua ilikuwa ya kampuni ya reli na maandishi yalikuwa ya posta. Ni mambo mawili yenye wenyewe wawili, na kila mmoja kabadilisha chake kwa wakati wake na kwa sababu zake. Fikiria daladala, mwenye gari anaipaka rangi anayoitaka lakini namba ya gari haichezei, ile ni ya serikali. Basi ukitaka kujua picha ni ya lini usianze na rangi, anza na maandishi.

Sasa tuelewane kwanza behewa lenyewe ni lipi. Sisemi lile la kubebea mifuko ya barua tu kutoka stesheni hadi stesheni, lile ni behewa la mizigo kama mizigo mengine. Nasema lile ambalo ndani mna makarani wa posta wamesimama usiku kucha, ukuta mmoja mzima una vishubaka vidogo vidogo, treni inakwenda na wao wanachambua barua, na ikifika mjini barua za mji ule zishafungwa kwenye mfuko wake tayari. Uingereza lilianza Januari 1838 kwenye reli ya Grand Junction, kati ya Birmingham na Warrington, na la mwanzo lilikuwa behewa la kubebea farasi lilogeuzwa, shauri la mtu wa posta aitwae Frederick Karstadt. Lilifaa hapo hapo. Mwaka huo huo 1838 bunge likapitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni za reli zibebe barua posta ikitaka, na hapo ndipo ilipozaliwa ile ndoa ya wenyewe wawili nilokwambia: behewa la reli, kazi ya posta.

Na mavazi yake hayakuanzia kwenye reli. Kabla ya treni barua za Uingereza zilikuwa zikienda kwa magari ya farasi, yalianza Agosti 1784 kati ya Bristol na London, na magari yale yote yalikuwa na vazi moja linalojulikana nchi nzima: chini damu ya mzee, juu nyeusi, magurudumu mekundu yanayowaka, mlangoni ngao ya mfalme, juu yake nyota za vyeo vya ushujaa, ubavuni herufi za mfalme kwa rangi ya dhahabu, na nyuma namba ya gari. Kila mtu wa njiani akiliona anapisha, na mlango wa ushuru wa barabara unafunguliwa bila ya kulipa, ni sheria. Kwa hiyo dhahabu ile haikuwa pambo, ilikuwa ni amri iloandikwa. Reli ilipokuja posta haikukubali kuipoteza amri ile, na desturi ya ngao na taji ikapanda treni pamoja na mifuko.

Lakini rangi ya behewa zima, hiyo reli wakasema yetu. Na Uingereza ya wakati ule kila kampuni ya reli ikijiona dola, kila moja na rangi zake. London & North Western walikuwa na mabehewa ambayo chini ni rangi ya zambarau iloiva inayokaribia weusi na juu ni nyeupe yenye kabuluu kidogo sana ndani yake. Great Western chini chakleti juu maziwa. Midland wakipaka wekundu mzito wa kung'ara, koti juu ya koti na vanishi juu yake, na wengi mpaka leo wanasema hakujatokea rangi ya behewa iloshinda ile, na mie ni mmoja wao. Behewa la barua likivaa vile vile wanavyovaa wenzake wa abiria wa kampuni ile, halafu ubavuni ndo likaandikwa ROYAL MAIL na taji. Great Western ndo walokuwa na treni ya mwanzo duniani ya barua peke yake bila ya abiria, Februari 1855, London hadi Bristol.

Mwaka 1923 zile kampuni nyingi zikaunganishwa zikawa nne, na hapa kwa mtu wa albamu mambo yanakuwa mepesi. LMS (London Midland na Scottish) walichukua ule wekundu mzito wa Midland. Great Western wakabaki na chakleti na maziwa. Southern kijani. LNER (London na North Eastern) wao mabehewa yao yalikuwa ya mti wa msaji, hawakupaka rangi kabisa, wakipiga vanishi tu mti ukaonekana wenyewe kama milango yetu ya Mji Mkongwe, na walipoanza kutengeneza ya bati la chuma mafundi wao wakaligonga lile bati rangi na kulichora mishipa ya mbao mpaka ukiliangalia kwa mbali huwezi kujua. Wewe fundi hebu fikiria, bavu zima la behewa unalichora mishipa ya msaji kwa mkono na kitana, na kesho lipo jengine linakusubiri.

Halafu 1948 serikali ikazichukua reli zote ikawa British Railways, na rangi ikaanza kuamuliwa sehemu moja. Kuanzia 1949 mabehewa ya safari ndefu chini wekundu juu maziwa, kuanzia 1956 yakarudi damu ya mzee mwili mzima isipokuwa Southern wenye kijani chao na baadhi ya treni za Western zenye chakleti na maziwa, na kuanzia 1965 ikaja buluu na kijivu nchi nzima. Kwa hiyo yale mabehewa yako ya damu ya mzee na ya buluu na kijivu yanaweza kabisa kuwa ni behewa moja hilo hilo, halikubadilika kazi wala makarani, limebadilishwa nguo tu. Mabehewa mapya ya barua ya British Railways yalianza kutoka 1959 na baadhi yake yalivaa zote, damu ya mzee, buluu na kijivu, halafu nyekundu ambayo ntaifikia.

Sasa maandishi, na hapa ndo pana utamu wa fundi. Herufi za mfalme zinakwenda na mfalme. V R ni Malkia Victoria, mpaka 1901. E VII R ni Edward wa 7, mpaka 1910. G R peke yake bila ya namba ni George wa 5, mpaka 1936. E VIII R ni ya yule Edward alokaa miezi tu mwaka 1936 akaacha ufalme, ukiiona popote piga picha haraka manake ni adimu. G VI R mpaka 1952, na E II R kuanzia hapo hadi 2022. Kwa hiyo picha yenye G VI R haiwezi kuwa ya kabla ya 1936, basi, hilo umeshalijua bila ya kumuuliza mtu. Lakini angalia kitu kimoja, herufi zinakupa tarehe ya "si kabla ya", hazikupi "si baada ya", kwa sababu mfalme akifa kesho yake hapandi mtu na brashi kwenye kila behewa, linangoja zamu yake ya kupakwa rangi karakana, na zamu ile inaweza kuchukua miaka. Behewa la G VI R linaweza likawa bado linatembea malkia ashakaa kitini zamani.

Na usidhani herufi tatu ni jambo dogo. Mwaka 1952 Edinburgh walizindua sanduku jipya la barua lenye E II R, na Scotland watu wakapandisha hasira, wakasema sisi hatukuwa na Elizabeth wa 1, huyu kwetu ni wa mwanzo, hio namba mbili ni ya England. Sanduku likapakwa lami, likapigwa nyundo, na Februari 1953 likaripuliwa. Tokea hapo masanduku mapya ya barua ya Scotland yanawekwa taji la Scotland peke yake, hakuna herufi. Alozitia zile herufi ni fundi tu kama wewe, kapewa karatasi kaambiwa fanya hivi.

Umbo la herufi nalo linasema. Zamani herufi zilikuwa na miguu, yaani vile vijistari kwenye ncha zake, zimepigwa dhahabu na kutiwa kivuli upande mmoja mpaka zionekane zimetoka nje ya bavu. Nyengine zilikuwa zikiandikwa kwa mkono na nyengine, khasa ngao na taji, zilikuwa picha za kubandika, unapaka gundi, unabandika, unaloweka karatasi inatoka, picha inabaki, kisha vanishi juu. British Railways ya 1949 ilikuja na herufi aina ya Gill Sans, nene, safi, hazina miguu. Ya 1965 ikaja na herufi mpya kabisa zilochorwa na Jock Kinneir na Margaret Calvert, wale wale wawili walochora vibao vya barabarani vya Uingereza, na ukizoea jicho utazijua. Ukiona herufi kubwa tupu jua bado tupo zamani, ukiona neno limeanza na herufi kubwa likaendelea kwa ndogo jua umeshafika upande wa juzi juzi.

Namba za behewa pia zisome kama zinasomeka. Mabehewa ya barua ya 1959 na kuendelea yanaanza na 803 kama ni ya kuchambulia barua na 804 kama ni ya kuwekea mifuko. Mbele ya namba kuna herufi ya mkoa wa reli, M ya London Midland, W ya Western, E ya Eastern, S ya Southern, Sc ya Scotland.

Tuvuke bahari twende Marekani, manake nusu ya albamu yako ni ya huko. Kule kanuni ni ile ile na wao waliishika kwa nguvu zaidi. Behewa ni mali ya kampuni ya reli, ramani yake ya ndani ni ya posta, makarani ni wa serikali, na ubavuni kwenye sehemu ya barua lazima iandikwe UNITED STATES MAIL na chini yake RAILWAY POST OFFICE. Kama behewa nusu ni la barua na nusu ni la mizigo, maandishi yanakaa kwenye nusu ya barua tu, hayasogei hata hatua moja kwenda kwa jirani, na juu kwenye ubao mrefu chini ya paa ndo pana jina la reli, Pennsylvania, Santa Fe, New York Central, yoyote. Majina mawili ya wenyewe wawili kwenye bavu moja, kila moja na mahala pake. Utaratibu huu wa kuchambua barua njiani kule ulianza kwa majaribio 1862 kwenye reli ya Hannibal and St. Joseph huko Missouri, na ukasimama rasmi Agosti 1864 kati ya Chicago na Clinton, Iowa, kwa juhudi za George Armstrong wa posta ya Chicago.

Lakini kuna mara moja Marekani ilipofanya kitu kingine kabisa, na hii naipenda kuliko zote. Septemba 1875 mkuu wa posta za reli, George Bangs, aliwashawishi akina Vanderbilt, wenye reli ya New York Central, waendeshe treni ya mbio ya barua peke yake, New York hadi Chicago, na wakajenga mabehewa mapya wakayapaka nyeupe. Nyeupe, na injini ni za makaa ya mawe! Yamepigwa maziwa kwenye kingo, nakshi za dhahabu, vanishi juu, ngao ya taifa ubavuni, na kila behewa likapewa jina la gavana wa jimbo. Watu wakitoka mashambani kuja kusimama kando ya njia kuiangalia ikipita. Haikufika hata mwaka mzima, bunge likakata malipo ya reli kwa kubeba barua, na Julai 1876 akina Vanderbilt wakaiondoa. Baada ya hapo treni za mbio zilirudi lakini ule weupe haukurudi kuwa sheria, na ilipoingia karne mpya nchi nzima ikaelekea kwenye kijani kizito kile wanachokiita kijani cha Pullman, kwa sababu kinaficha masizi. Miaka ya 1910 mabehewa ya mbao yakaanza kutolewa yakaingia ya chuma, manake ya mbao treni zikigongana yalikuwa yakivunjika na kuwaka moto na makarani ndani, na makarani wenyewe ndo walopiga kelele mpaka sheria ikabadilika. Kwa hiyo kwenye albamu yako kijani kizito chenye misumari ya ribiti imejipanga ni behewa la chuma la karne ya 20, na mbao nyembamba zilosimama wima ni la kabla yake.

Kwa nini Marekani wakishikilia maandishi yale vile? Kwa sababu yalikuwa kinga. Kuizuia barua ya serikali ni kosa la dola nzima, si la jimbo. Mwaka 1894 wafanyakazi wa reli waligoma, mgomo mkubwa wa Pullman, wakikataa kugusa mabehewa ya Pullman, kampuni ya mabehewa ya kulala abiria, na makampuni yakawa yanayafunga mabehewa ya Pullman kwenye treni moja na ya barua, hivyo anaekataa la Pullman anaonekana kaizuia barua. Rais Cleveland akapeleka jeshi Chicago kwa hoja hiyo hiyo ya barua. Maneno mawili matatu kwenye ubavu, na watu walikufa katika vurugu zile. Mie nikiziona zile herufi za dhahabu naona na upande huo, naamini yeyote anaezisoma aujue.

Kuanzia 1934 zikaingia treni mpya za umbo la risasi na rangi zikalipuka: Union Pacific manjano, Santa Fe chuma cha pua kinachong'ara hakikupakwa kitu, Pennsylvania wakabaki na wekundu wao wa matofali. Na ndani ya rangi zote hizo yale maneno yamo mahala pale pale, yamebadilika umbo tu, yamekuwa membamba na hayana miguu. Posta ya Marekani ilivunja mikataba mingi sana mwaka 1967, na behewa la mwisho la kuchambulia barua lilimaliza safari 30 Juni 1977 kati ya New York na Washington.

Turudi kwenye picha zako nyeusi na nyeupe, manake nahisi hapa ndo utapotea. Plati na filamu za zamani zilikuwa haziioni rangi nyekundu. Wekundu wowote unatoka mweusi au karibu na mweusi, na buluu inatoka nyeupe au kijivu chepesi. Kwa hiyo behewa ulionalo jeusi kwenye picha ya kabla ya miaka ya 1920 linaweza kuwa wekundu wa Midland unaowaka, usikimbilie kusema limepakwa nyeusi. Filamu zinazoona rangi zote ndo zikaja kuenea miaka ya 1920 na 1930. Sasa ukikuta behewa la rangi mbili kwenye picha nyeusi na nyeupe usishughulike na weusi na weupe wake, angalia mpaka wa rangi umekaa vipi. Buluu na kijivu ya 1965, kile kijivu kimekaa kama mkanda uliozunguka usawa wa madirisha, pembe zake zimeviringwa na kina mstari mwembamba mweupe pembeni, na buluu ipo juu yake na chini yake. Wekundu na maziwa ya 1949, maziwa yananyooka yanakwenda mpaka mwisho wa behewa na mistari yake ni myeusi na manjano. Hilo halikosei.

Kitu chengine cha kutafuta ni neti. Mabehewa mengi ya Uingereza yalikuwa na neti ubavuni inafunguka nje, na mikono ya chuma ya kuning'iniza mifuko, treni inapita kasi bila ya kusimama, mfuko wa stesheni unanaswa na neti na mfuko wa treni unanaswa na neti ilosimamishwa chini kando ya njia, kwa kishindo ambacho karani lazima ajue kusimama mbali nacho. Mchezo huo uliisha Oktoba 1971, wa mwisho ulikuwa karibu na Penrith. Neti ikiwepo, ROYAL MAIL inasogezwa ikae inapopata nafasi, ndo maana bavu moja la behewa maandishi yapo katikati na bavu la pili yamesukumwa. Ami yako labda kapiga picha behewa moja pande zote mbili na wewe unadhani ni mawili, hebu linganisha namba.

Na tundu la barua! Ubavuni mwa behewa palikuwa na tundu, mtu akichelewa posta anakimbilia stesheni anaitia barua yake ndani ya treni yenyewe, analipa stempu ya ziada kidogo ya kuchelewa. Barua hiyo inagongwa mhuri humo humo ndani ya treni wenye jina la safari, na mihuri mingi imeandikwa T.P.O., yaani Travelling Post Office, posta ya safarini. Kama kwenye postikadi za ami hata moja ilopitia huko, mhuri wake una tarehe na huna haja ya kupima rangi wala herufi.

Watu wa Unguja na Pemba tusidhani haya hayatuhusu. Toka 1875 mpaka 1895 posta ya Zanzibar ilikuwa ni tawi la posta ya India, tukitumia stempu za India, na barua ya kwenda huko ikishushwa Bombay inaingia mikononi mwa makarani wa treni wa kule, India walikuwa wakichambua barua relini tangu 1863 kati ya Allahabad na Kanpur. Barua za Ulaya zilipanda meli mpaka Aden na kuendelea, au meli za Kifaransa moja kwa moja mpaka Marseille, na kutoka bandarini zinapanda behewa la posta usiku. Barua ya mtu wa Shangani ya mwaka 1900 imelala ndani ya mabehewa haya haya tunayoyazungumza. Na sisi gari la moshi tulikuwa nalo, lile la mjini hadi Bububu la 1905, ila njia maili saba nani atachambua barua, unafika kabla hujafungua mfuko.

Sasa nyekundu. Nyekundu ya posta ya Uingereza ni mpya kuliko watu wanavyodhani, hata masanduku ya barua mwanzo yalipakwa kijani, watu wakawa hawayaoni wanayagonga, na kuanzia 1874 ndo yakaanza kupakwa mekundu. Kwenye treni nyekundu ile ilichelewa zaidi ya miaka mia nyengine. Ni 1986 ndipo mabehewa ya barua yalipoanza kutolewa kwenye buluu na kijivu yakapakwa nyekundu ya posta yenye mistari ya manjano. Hapo kwa mara ya mwanzo mwenye maandishi akachukua na rangi. Behewa lako jekundu tupu ni la kipindi hicho, 1986 mpaka mwisho, na ukilikuza utaona maandishi mengi ni stika, si brashi. Ilipofika 1991 kikaanzishwa kitengo cha reli cha barua, Rail Express Systems, injini zake nyekundu na kijivu kizito na vipande vya buluu nyepesi, kwa hiyo injini ikiwa hivyo picha si ya kabla ya 1991. Wafaransa nao walifanya hivyo kwa manjano, treni zao za mbio za TGV za posta, kuanzia 1984, manjano ya La Poste, posta ya Ufaransa, kutoka pua hadi mkia, mpaka Juni 2015.

Ukiniuliza mie, nyekundu ile ilipendeza kwa mbali na ilikosa kitu kwa karibu. Behewa likawa tangazo. Ule mvutano wa rangi ya reli na dhahabu ya posta ndo ulokuwa uzuri wenyewe, na ulipoondoka mmoja hata utaratibu wenyewe haukukaa sana: makarani wa mwisho walichambua barua ndani ya treni usiku wa 9 Januari 2004. Treni nyekundu zisizo na makarani, za kubeba makontena ya barua tu, ziliendelea, na Royal Mail wakaziacha treni zao wenyewe Oktoba 2024.

Kuhusu behewa la mwanao. Chagua enzi moja usichanganye. Ningekuwa wewe ningechagua la 1959 hadi 1965, damu ya mzee mwili mzima, paa kijivu, chini nyeusi, manake ni rangi moja, haina mipaka ya kukupotezea muda, na muda wako wote utautia kwenye maandishi ambako ndo kwenye kazi. Andika ROYAL, halafu taji na E II R katikati, halafu MAIL, herufi hazina miguu, manjano ya kukaribia dhahabu. Madirisha yawe machache na madogo, yamepanda juu, usiweke madirisha ya abiria manake ndani kote ni vishubaka. Bavu moja neti, bavu la pili bila ya neti, na tundu la barua lichonge kweli, lipitishe kipande cha karatasi.

Na zile picha ambazo ukizipima zote bado zinakukataa, zipige kwa simu unitumie, bavu zima lionekane na namba ikiwezekana, usikate kingo, mara nyengine jibu lipo kwenye kipande cha injini kilichoingia pembeni.